NANI ASTAHILI KUMFUNDISHA ASKARI?



Najua wengine watauliza: mfanyakazi wa reli ana habari gani na kuandikwa kwa profesa? Jibu langu ni fupi. Mwalimu ninayemsema hapa hafundishi habari za nyota wala mashairi ya kale. Anafundisha elimu ya polisi, korti na jela. Mwanafunzi wake leo ni kijana mwenye daftari. Kesho ni askari mwenye rungu, au ofisa wa jela mwenye funguo, au yule anayemwandikia hakimu kumshauri kama mshtakiwa afungwe au aachiliwe chini ya uangalizi. Na sisi wafanyakazi ndio tunaokutana naye, getini siku ya mgomo na barabarani usiku tukitoka shifti. Mei 1950, Makhan Singh na Fred Kubai walipokamatwa Nairobi na wafanyakazi wakagoma, hakuna aliyeuliza wale askari walifundishwa na nani. Ilifaa kuulizwa, na leo pia yafaa, kwa maana hata hapa kwetu vyuo vikuu kadhaa vinafundisha elimu ya uhalifu.

Nitatoa mifano yangu Marekani, kwa sababu huko ndiko chuo kikuu kilikotangulia kumpa polisi kiti cha profesa, na ndiko walikogombana sana juu ya nani akikalie. Mwenye kutangulia hujikwaa kwanza, na anayefuata huona jiwe.

ALIYEFUNGA BREKI

Mtu wa kwanza wa kumtaja ni August Vollmer, aliyezaliwa New Orleans mwaka 1876. Alipigana vita huko Ufilipino, kisha akawa mpeleka barua katika mji wa Berkeley, jimbo la California. Mwaka 1904 behewa la mizigo lilikatika likawa linateremka lenyewe katika barabara ya Shattuck, likielekea kugonga behewa lililojaa abiria. Vollmer akalirukia, akafunga breki, watu wakapona. Sisi wa reli twajua jambo hilo lina uzito gani. Mwaka uliofuata, 1905, wenyeji wakampigia kura awe mkuu wa askari wa mji.

Mtu huyu hakuwa na shahada hata moja. Masomo yake ya darasani yalikuwa machache, karibu sawa na yetu wengi tuliosoma shule za misheni. Lakini mwaka 1908 alifungua shule ya kufundisha askari wake mwenyewe, akaleta wataalamu wa chuo kikuu kuwafundisha sheria na namna ya kuchunguza ushahidi. Mwaka 1929 Chuo Kikuu cha Chicago kilimwandika kuwa profesa wa uongozi wa polisi. Baadaye alirudi Berkeley akawa profesa huko mpaka mwaka 1937.

Wale wasemao kwamba kazi hufundishwa na aliyeifanya wana ushahidi hapo, na neno lao lina nguvu. Fundi wa dizeli aliyekaa miaka 20 karakanani husikia injini kwa sikio na kujua ugonjwa wake kabla ya kufungua kitu. Kijana mwenye cheti kipya husoma kitabu na bado anatafuta. Basi husema: mwalimu wa askari na awe askari mzee, na mwalimu wa mabawabu wa jela na awe bwana jela mstaafu, na maneno yaishie hapo.

Mimi sikubali yaishie hapo, na nitaeleza kwa nini.

NYANI HAONI KUNDULE

Mwaka 1931 serikali ya Marekani ilichapisha ripoti za tume iliyoitwa tume ya Wickersham, iliyochunguza uhalifu na sheria. Vollmer ndiye aliyeongoza ripoti moja iliyohusu polisi: namna wanavyoandikwa, wanavyofundishwa, na jinsi wanasiasa wanavyowaharibia kazi. Ilikuwa kazi nzuri. Lakini ripoti iliyofunua jinsi polisi walivyowapiga na kuwatesa washukiwa ili wakiri haikutoka kwa polisi. Iliandikwa na watu watatu wa sheria: Zechariah Chafee, profesa wa Harvard, na mawakili wawili, Walter Pollak na Carl Stern. Hao hawakuwahi kuvaa sare. Walikwenda kuuliza, kusoma majalada ya korti, na kuandika walichokiona.

Sisemi Vollmer alipenda mateso, alisimama kuyapinga. Nasema tu kwamba kazi mbili zile zilitaka macho mawili. Aliye ndani ajua mlango uko wapi, na aliye nje aona paa linavuja. Chuo kikichukua walimu waliotoka kazini peke yao, kitafundisha mlango vizuri sana, na mvua itaendelea kuingia.

Jambo hili lilionekana wazi baada ya mwaka 1968. Mwaka huo Bunge la Marekani lilipitisha sheria kubwa ya kupambana na uhalifu, na kwa sheria hiyo serikali ikaanza kuwalipia karo ya chuo askari na wale waliotaka kuwa askari. Fedha ilipoingia, vyuo viliikimbilia. Kabla ya hapo vyuo vilivyofundisha elimu hii vilikuwa vichache. Baada ya miaka kumi vilikuwa mamia. Na mamia ya vyuo yalitaka walimu upesi. Wakaandikwa askari wastaafu wengi, na askari waliokuwa bado kazini wakifundisha jioni kwa malipo ya saa. Wengine walikuwa walimu hodari. Lakini pengi somo lenyewe likawa yaleyale ya chuo cha polisi yaliyovikwa joho: namna ya kujaza fomu, namna ya kukamata, namna ya kupiga gwaride. Swali la kwa nini watu hawa wanakamatwa na wale hawakamatwi halikuulizwa.

Mwaka 1978 ilitoka ripoti ya tume iliyochunguza masomo ya polisi katika vyuo vikuu, mwandishi wake Lawrence Sherman. Ripoti ile ilisema mambo mengi makali. Moja ni hili ambalo ningependa kila mwanachama alishike: kwamba mtu anapochaguliwa kuwa mwalimu wa elimu hii, kule kuwa amewahi kufanya kazi ya polisi au jela kusiwe sharti la kumwandika, wala kusiwe kizuizi. Yaani usimchukue kwa sababu ya sare yake, wala usimkatae kwa sababu hiyohiyo. Mtazame alichojifunza kutokana na kazi, na kama aweza kukieleza, kukipima na kukikosoa.

Huo ndio mzani ninaoutaka. Miaka 20 kazini yaweza kuwa miaka 20 ya kujifunza, au mwaka mmoja uliorudiwa mara 20. Sote twawajua mafundi wa namna hizo mbili.

MWENYE SHAHADA TUPU

Siku hizi mambo Marekani yamegeuka upande wa pili. Chuo kikuu kinachotafuta mwalimu wa kudumu wa elimu ya polisi, korti na jela kwa kawaida hutaka shahada ya udaktari, na vitabu au makala zilizochapishwa. Vollmer angeomba kazi leo, barua yake isingefika mezani.

Wengine hufurahi wakisema kiwango kimepanda. Mimi pia sipendi kiwango kishuke. Mtoto wa mfanyakazi akilipa karo, hapaswi kupewa mwalimu ambaye hajui kusoma takwimu wala hajui mwenzake katika nchi nyingine amegundua nini. Shahada ni kama cheti cha dereva wa treni: haikuhakikishii kwamba dereva ana busara, lakini usipande treni ya asiye nayo.

Tabu ni pale cheti kinapokuwa mwisho wa maswali. Yupo msomi aliyeandika kurasa 300 juu ya jela na hajawahi kukaa na mfungwa hata saa moja kumsikiliza. Anajua hesabu za wafungwa, hajui harufu ya mlo wao. Anajua askari wanakamata watu wangapi kwa mwezi, hajui kwamba mkuu wao amewaambia wasirudi mikono mitupu. Mwanafunzi wa mwalimu huyo atatoka na maneno makubwa, na siku ya kwanza kazini askari mzee atamwambia, "Sahau yote uliyosoma." Naye atasahau, kwa sababu hakuna kilichomshika.

Basi mwenye kamati ya kuchagua asiulize swali moja bali mawili. Una elimu gani? Na umeitoa wapi, kwa kina nani, kwa kuketi na nani?

KITANDA USICHOKILALIA

Yuko mwombaji wa tatu ambaye kwa kawaida hatajwi kabisa. Huyo ni aliyefungwa.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. John Irwin alizaliwa Marekani mwaka 1929. Akiwa kijana alinyang'anya watu kwa silaha, akafungwa miaka mitano katika jela ya Soledad, California. Alipotoka alirudi shule. Mwaka 1968 alipata udaktari katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, na alikuwa amekwisha anza kufundisha katika chuo cha serikali cha San Francisco, akakaa hapo miaka mingi. Mwaka 1970 alitoa kitabu juu ya maisha ya mfungwa, na mwaka 1985 kingine juu ya mahabusu za miji, akionyesha kwamba humo hujazwa hasa watu maskini na wasio na wa kuwasemea, zaidi kuliko wale wa hatari kubwa. Mwaka 1967 alianzisha mpango wa kuwasaidia watu wanaotoka jela waingie chuo kikuu, na mpango huo umeishi kuliko yeye mwenyewe, aliyefariki mwaka 2010.

Tangu miaka ya 1990 wako walimu wengine wa Marekani waliofungwa kisha wakasoma, na wamefanya kundi la kusaidiana na kuandika. Hawataki kuandikwa kwa huruma. Wana shahada kama wenzao. Wanachotaka ni kwamba jela isiwe hukumu isiyoisha.

Fomu nyingi za kazi huko zilikuwa na swali mwanzoni: je, umewahi kuhukumiwa kwa kosa? Ukijibu ndiyo, karatasi yako huenda kapuni kabla mtu hajasoma mstari wa pili. Jimbo la Hawaii lilitunga sheria mwaka 1998 kwamba mwajiri asiulize swali hilo mpaka kwanza amekwisha kumchagua mtu. Hiyo ni akili. Mwajiri bado ana haki ya kujua kosa, na kosa lenyewe huenda likawa la kumzuia kweli. Hakuna anayetaka aliyewadhuru watoto awekwe kufundisha watoto. Lakini kwanza aonekane mtu, kisha lionekane kosa.

Nasikia mwanachama mmoja akisema: "Ndugu, unataka mwizi amfundishe askari?" Hapana. Nataka mtu aliyelipa deni lake lote, akasoma kuliko wanaomcheka, asifungiwe mlango katika somo ambalo yeye analijua kutoka ndani. Reli hatumwiti fundi "mgonjwa" maisha yake yote kwa sababu aliwahi kuvunjika mguu.

BAADA YA KUANDIKWA

Hapa ndipo penye jambo linalotuhusu zaidi kama chama cha wafanyakazi. Tusidhani kazi imekwisha mtu akishapata barua ya kuandikwa.

Katika vyuo vikuu vya Marekani mwalimu wa kudumu hupimwa kwanza miaka kadhaa. Kwa mapatano yaliyoandikwa mwaka 1940 kati ya jumuiya ya maprofesa na jumuiya ya vyuo, kipimo hicho kisizidi miaka saba. Akifaulu, hawezi kutolewa kazini bila sababu nzito na bila kusikilizwa. Akishindwa, huondoka. Kinga hiyo haikuwekwa ili mwalimu alale usingizi. Iliwekwa ili aseme kweli asifukuzwe na mkubwa aliyechukizwa.

Sasa tazama yaliyotokea Berkeley, palepale kwa Vollmer. Mwaka 1950 chuo kile kilikuwa na shule nzima ya elimu ya uhalifu, mkuu wake wa kwanza akiwa O. W. Wilson, aliyekuwa askari chini ya Vollmer. Mwaka 1960 Wilson aliitwa Chicago, ambako askari walikuwa wamepatikana wakishirikiana na mwizi wa nyumba. Aliwekwa mwenyekiti wa kamati ya kutafuta mkuu mpya wa polisi, na kamati ikamaliza kwa kumchagua mwenyekiti wake. Ndugu zangu, kamati za namna hiyo twazijua, ijapokuwa huyu alikuwa mtu mwenye uwezo.

Miaka ya 1960 na 1970 walitokea Berkeley walimu vijana waliofundisha kinyume cha wazee. Waliuliza polisi wanamtumikia nani, na kwa nini mwenye kiwanda anayewaibia wafanyakazi ujira haitwi mhalifu. Mmoja alikuwa Tony Platt. Alipofika wakati wa kupewa kazi ya kudumu, chuo kilimnyima. Wakubwa walisema ni suala la ubora wa kazi yake ya kisomi. Wanafunzi na wenzake walisema ni siasa, wakaandamana. Mwaka 1976 shule yenyewe ilifungwa.

Mtu aweza kuchukia maneno ya Platt na bado akaona hatari iliyopo. Ikiwa mwalimu wa somo la polisi ajua kwamba akiwakosoa polisi atakosa kazi, basi huyo si mwalimu tena, ni msemaji wa polisi anayelipwa na chuo. Na mgala muue na haki mpe: vivyo hivyo mwalimu anayewatetea polisi kwa ushahidi asifukuzwe kwa kelele za wanafunzi. Kinga ni ya wote au si ya mtu.

Tena iko njia nyingine ya kumnyamazisha mwalimu bila kumfukuza, nayo ni kumfanya kibarua. Leo zaidi ya nusu ya walimu wa vyuo vikuu vya Marekani hawamo katika njia ya kazi ya kudumu. Wengi hulipwa kwa somo moja moja, muhula hata muhula. Askari mstaafu mwenye pensheni ataweza kazi hiyo. Msomi kijana mwenye watoto atakimbia kutoka chuo hiki hadi kile, hana ofisi, hana matibabu, na hatathubutu kumkosoa mtu. Neno kibarua halihitaji kufafanuliwa kwa wasomaji wa gazeti hili.

TUNAYOPASWA KUDAI

Chuo kizuri kikitaka mwalimu, kazi huenda hivi. Nafasi huombewa kibali. Hutangazwa wazi, na sifa zinazotakiwa huandikwa. Kamati ya walimu husoma maombi yote pamoja na barua za watu wanaomjua mwombaji, mara nyingi tatu. Watu wachache huitwa, kama watatu hivi. Kila mmoja hukaa chuoni siku nzima au mbili, husimama mbele ya walimu na wanafunzi akaeleza kazi yake na kuulizwa maswali. Kisha walimu hupiga kura, na mkuu huidhinisha.

Njia hiyo ni nzuri ikifuatwa. Lakini sote twaijua kazi inayotangazwa gazetini ilhali mwenye kuipata amekwisha pimiwa sare. Kwa hiyo vyuo vyetu vinapoandika walimu wa elimu ya polisi, korti na jela, nashauri chama chetu, kwa sauti ya shirikisho la vyama, kidai haya:

Kwanza, nafasi itangazwe mahali ambapo kila mtu ataiona, na sifa zisibadilishwe baada ya maombi kufika.

Pili, kazi ya askari, bwana jela, karani wa korti au mtu wa msaada wa sheria ihesabiwe kuwa ni elimu ikiwa mwombaji aweza kuonyesha alichojifunza. Isiwe sharti, isiwe kizuizi.

Tatu, mwombaji afundishe somo moja mbele ya wanafunzi wenyewe kabla ya kuandikwa, na wanafunzi waulizwe wameelewa nini. Dereva hujaribiwa kwenye injini, hajaribiwi kwa barua za sifa peke yake.

Nne, aliyefungwa akamaliza kifungo asikataliwe kabla ya kuonwa.

Tano, katika idara moja wasiwe wote wa sare, wala wasiwe wote wa kitabu. Wachanganywe, wabishane, na wanafunzi wasikie ubishi huo.

Sita, anayefundisha muda wote aandikwe kazi ya muda wote, kwa mkataba unaomlinda akisema kweli.

Wako watakaosema mambo haya ni ya wasomi, sisi tushike mishahara yetu. Mshahara tunaushika. Lakini siku tunapokwenda kuudai, anayesimama mbele yetu amevaa kofia ya chuma ni kijana aliyefundishwa na mtu. Kama alifundishwa kwamba mfanyakazi mwenye bango ni adui, rungu litashuka. Kama alifundishwa na mtu anayeijua sheria na anayemjua raia, huenda akauliza kwanza. Tofauti ya vijana hao wawili ilianzia darasani, na kabla ya darasa ilianzia katika chumba ambamo watu watano walikaa mezani wakachagua mwalimu.

Wanachama wenye watoto vyuoni waulizeni: mwalimu wako ni nani, alitoka wapi, aliandikwa vipi? Mkipata majibu, yaleteni kwenye mkutano wa tawi.

Ni mimi mwanachama mwenzenu,
Mfanyakazi wa Reli